Kuyu Hangoji Shikamoo

Watu wengi pale Kivukoni walijua kambale tu. Kambale akiuma, hata aliyesinzia anaamka. Samaki aitwaye kuyu ana mambo yake. Anakigusa chambo kwa sharubu, anaondoka, anarudi, na mshipi uliopita juu ya kidole chako unatikisika kidogo mno, kama sisimizi anatembea. Hapo usivute. Ngoja mshipi ulegee, mara moja tu, ndipo uvute. Baba yangu alinifundisha hivyo kabla sijaolewa, na nilikuwa sikosi.

Siku hiyo baba mkwe alikuwa anakuja kwetu kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akitokea upande wa Mahenge. Nyumbani kulikuwa na kisamvu kitupu. Mume wangu alikuwa shambani, kwa hiyo nikateremka mtoni mwenyewe, maana mkwe asipokuta kitoweo cha maana anayesemwa ni mke.

Sisimizi akaanza kutembea kidoleni. Akatulia, akaanza tena. Wakati huohuo mtumbwi ukagonga ukingo nyuma yangu, na aliyeshuka alikuwa baba mkwe.

Kwetu, mke hamwamkii mkwe huku amempa mgongo. Anaacha alichoshika, anapiga magoti. Nilijua hilo vizuri sana. Lakini nikainua mkono kumwomba asubiri kidogo, nikasema, "Shikamoo, baba," macho yangu yakiwa kwenye mshipi.

"Shikamoo ya mgongoni siitikii," akasema. "Huo uzi hauna kitu. Ungekuwa na samaki si ungevutwa?"

Watu wa mtumbwini wakacheka. Heshima si utumwa, husema watu. Siku ile ilikuwa utumwa. Nikaukandamiza mshipi kwa jiwe, nikapiga magoti. Nikiwa palepale chini nikauona ukilegea, kisha ukakaza, ukachomoka chini ya jiwe na kuzama, ndoana yangu ya pekee ikaenda nao. Yeye pia aliuona. Akajifanya anakung'uta kanzu.

Mchana akala kisamvu. Alipomaliza kunawa, akamwambia mume wangu, nami nikiwa nimeketi palepale, "Mnakaa na mto mkubwa namna hii, mkeo hajui hata kuvua?"

Mtu mzima, ameona kwa macho yake mawili! Jibu nilikuwa nalo, zima, limejaa mdomoni. Mume wangu akanitazama kwa macho ya kunisihi.

Nikasema, "Nisamehe, baba."

Akanisamehe. Kwa sauti kubwa, majirani wakisikia, akanisamehe.