Mama Tochi na Viti Vitupu vya Katikati

Saa nane na nusu mchana, Jumamosi. Taa za ukumbi namba mbili wa sinema zinafifia, na mwanamke aliyevaa sare ya bluu iliyopauka mabegani anaingia kwa mlango wa nyuma, tochi mkononi. Ukumbi una viti mia mbili na kumi na viwili. Walioketi ni watu kumi na tisa. Ameshawahesabu.

Wanne kati ya hao wamekaa pasipo pao. Ni mume na mke na mabinti zao wawili, ambao wamekata tiketi za pembeni, kisha giza lilipoingia wakasogea kidogo kidogo mpaka safu ya katikati, ambayo haina hata mtu mmoja. Mwanamke anashusha pumzi. Anateremka ngazi, anamulika miguu yao, anainama.

"Samahanini jamani. Viti vyenu viko kule pembeni."

Mume anatazama kushoto, anatazama kulia. Ananong'ona kuuliza kama kuna watu wanakuja kukaa hapo. Anaambiwa hakuna. Anauliza, sasa wao wanamkosea nani? Mwanamke anamulika tena njia ya pembeni. Familia inanyanyuka na mfuko wake wa bisi na kurudi ukutani. Kwa saa mbili zijazo itatazama sinema shingo upande, na viti themanini vizuri vitakaa vitupu.

"Nikifika nyumbani naona haya hata kusema nimeshinda nikifanya nini," anasema baadaye, ameegemea ukuta wa korido. "Kumtoa mtu kwenye kiti kisicho na mtu. Hiyo nayo ni kazi?"

Wenzake wanamwita Mama Tochi. Ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na mitatu amelitumikia giza la jengo hili. Aliajiriwa kuwaonyesha viti watu waliochelewa, wasije wakajikwaa ngazini au kukalia mapaja ya wenzao. Enzi hizo tiketi ilikuwa ya bei moja. Aliyewahi alikaa katikati, aliyechelewa alikaa pembeni na hakuwa na wa kumnung'unikia.

Miaka mitatu iliyopita viti vikagawanywa madaraja matatu. Ikaja ada ya kukata tiketi kwa simu. Watu walipoacha simu na kurudi dirishani, ikaja ada ya dirishani. Miwani ya filamu za 3D, ambayo zamani uliazimwa na kuirudisha mlangoni, sasa unauziwa. Kuingia na maji yako ni marufuku, na maji ya ndani bei yake ni mara tatu ya duka lililo ng'ambo ya barabara. Kazi ya kupekua mikoba ili kuyakamata hayo maji, naam, ni ya Mama Tochi pia.

Kiti kimoja cha katikati, ambacho mwanzoni kilikuwa ujira wake wa siku moja, sasa ni ujira wa siku mbili na nusu. Familia kama ile ya watu wanne, ikikaa vizuri na kutafuna bisi, inaacha pale malipo ya Mama Tochi ya siku kumi na mbili. Wafanyakazi walikuwa wakipewa tiketi mbili za bure kila mwezi. Hizo zilifutwa mwaka jana kwa tangazo la mistari miwili lililobandikwa karibu na choo.

Dirishani bei zimeandikwa kwenye karatasi. Mkata tiketi, mwanamke mcheshi wa makamo ambaye ameanza kazi mwaka mmoja na Mama Tochi, amechoka kubandua ya zamani. Anabandika mpya juu yake, na sasa bei za ukumbi huu zina unene wa daftari.

Meneja si mtu mbaya, na hata Mama Tochi anakubali hilo, ingawa kwa shingo upande. Anaeleza kwamba umeme umepanda, jenereta linakunywa mafuta kama lina kiu ya mwaka mzima, na wenye filamu wanataka chao kabla filamu haijaanza. Ukumbi ukijaa, anasema, atashusha bei siku hiyohiyo. Ukimuuliza Mama Tochi utajaaje kwa bei hizi, anakumulikia viti vitupu.

Anachokiona yeye ni kwamba wateja hawamfikii meneja. Wanamfikia yeye. Ameitwa mroho, ameitwa kibaraka, na kuna bwana mmoja aliyemuuliza kama hivyo viti amevinunua kwa mahari yake. Hapo juu kuna kamera, na ofisini kuna mtu wa kulinganisha waliokaa na walicholipia. Mwaka jana alimwacha mama mjamzito akae katikati kwa sababu mguu ulikuwa umemvimba. Akapewa barua ya onyo. Barua mbili ukumbi huu unavumilia. Ya tatu unaaga wenzako.

Lakini kinachomkera kuliko yote si barua. Ni baba yake.

Baba yake ni fundi cherehani mstaafu wa miaka sabini na minane. Ndiye aliyemleta sinema mara ya kwanza, yeye na ndugu zake watano, akawapanga safu ya katikati kwa kimo kama vifungo vya koti. Siku hizi ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshafunga, na la kulia linaona kilicho mbele yake tu, kama mtu anayechungulia bomba. Daktari amemwambia dawa itachelewesha, haitarudisha.

Miezi saba iliyopita mzee alikusanya vijisenti vyake bila kumwambia mtu. Alitaka kumshtukiza binti yake kazini. Tiketi aliyoimudu ilikuwa ya pembeni. Alikaa huko dakika tano, akaona ukuta na ukingo wa picha, basi. Akanyanyuka, akapapasa viti kimoja baada ya kingine mpaka katikati.

Waonyesha viti wana mwiko wao: tochi haimuliki mtu usoni. Unamulika miguu, unasema na miguu. Mama Tochi anazijua ndala za baba yake hata akiwa usingizini. Siku hiyo mzee miguu ilikuwa imevimba, na alikuwa ameazima raba nyeupe za mjukuu wake.

Mama Tochi aliona raba. Akaziambia raba kwamba kiti chake kiko kule pembeni. Raba zikasimama zikaondoka, taratibu, bila ubishi, na yeye akashukuru moyoni kupata mteja muungwana. Taa zilipowaka ndipo alipomwona aliyekaa mwisho wa safu, kichwa amekielekeza kwenye picha iliyokwisha.

"Nilimuuliza, baba, sauti yangu si uliisikia? Mbona hukusema ni wewe?" anasimulia. Anaipangusa tochi kwa pindo la sare. "Akaniambia, 'Mama, ningesema, ungeniacha nikae. Na wao wangekuandikia barua.'"

Aliumia, na hafichi. Alilia chooni, akatoka akapekua mikoba ya onyesho la saa kumi na moja. Alimwendea meneja kumwombea mzee kiti kimoja cha katikati, siku yoyote, hata onyesho lisilo na watu. Meneja alimsikiliza vizuri. Kisha akasema akimfungulia mmoja, wafanyakazi arobaini nao wana baba zao.

Mzee hakukasirika. Alisema tu harudi tena, kwa kuwa pa bei yake haoni na pa kuona si bei yake. Alilisema kwa upole wa mtu anayerudisha kitambaa dukani, na upole huo ndio unaomkosesha binti usingizi.

Akaapa kumpeleka kabla jicho halijafunga, kwa tiketi halali ambayo hakuna kamera itakayoigusa. Na akataka viti viwili, wakae bega kwa bega, yeye akimsimulia pale mzee asipoona vizuri. Akaanza kuweka akiba.

Ilipokaribia, bei ikapanda. Walisema ni kiyoyozi. Akafunga mkanda, akaacha hata kupanda basi asubuhi, akatembea. Ilipokaribia tena, ikapanda. Safari hii jenereta. Mara ya tatu hawakutoa hata sababu. Mkata tiketi alibandika karatasi asubuhi, na walipokutana macho kupitia kioo wote wawili walicheka, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya.

"Mimi ndiye ninayewahamisha watu kwa ajili ya hizo bei," anasema. "Halafu bei zenyewe zinanihamisha mimi. Nimechoka. Andika hivyohivyo, nimechoka."

Na mzee naye, nyumbani, ameanza kumimina chai nje ya kikombe.

Jumatano ya wiki hii, saa sita kasoro robo, Mama Tochi alikuwa akipita dirishani na ufagio. Mkata tiketi alimwita kwa kidole. Mezani kulikuwa na karatasi mpya kutoka ofisini, na gundi kando yake. Bei zilikuwa zinabadilika saa sita kamili.

"Shoga, una kiasi gani?" alimuuliza. "Kwenye kompyuta bado ni bei ya jana."

Akiba ilikuwa kwenye pochi, shingoni, ndani ya sare. Waliihesabu pamoja, mara mbili. Kwa viti viwili ilipungua, na kwa bei iliyokuwa ikija ingepungua zaidi. Kwa kimoja ilitosha.

Alisimama pale na ufagio wake, anasema, akijiona mjinga. Miezi saba alikuwa akikimbiza viti viwili, na cha baba kilikuwa kimeshatimia tangu mwezi wa pili wa kuweka akiba. Akatoa pesa. Saa sita kamili, karatasi ikabandikwa.

Jioni alimkabidhi baba yake tiketi. Mzee aliileta karibu na jicho la kulia, akaisogeza nyuma na mbele mpaka herufi zikakaa: safu ya saba, kiti cha kumi. Akauliza kama hiyo ni katikati. Akaambiwa ni katikati kabisa. Kisha akauliza yeye binti atakaa wapi.

"Mimi nitakuwa kazini, baba."

Ni Jumamosi ijayo, wiki moja kutoka leo, onyesho la saa nane na nusu. Mama Tochi amebadilishana zamu na mwenzake ili awe ukumbi namba mbili, na amempigia pasi mzee shati. Bei ikipanda tena keshokutwa haimhusu. Tiketi iko chini ya godoro. Safari hii hatangoja giza. Atampokea mlangoni, atamshika mkono na kumteremsha ngazi moja moja.

"Nitammulikia mpaka akae," anasema. "Halafu nitaondoka, na hakuna atakayemwinua."