Siku Mwanangu Alipofika Taji

Watu wa mtaani husema mwanangu wa mwisho ni mtu mzima anayechezea simu. Waseme. Wao huleta nguo na kuondoka, mimi ndiye ninayeishi naye, kwa hiyo nitaeleza mimi.

Ni dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ndicho duka lake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka juu yake, pasi ya umeme, chupa ya kunyunyizia maji, na nguo za watu zimetundikwa ukutani kama kundi la watu wasio na vichwa. Anasimama pale toka asubuhi. Mteja akija, maneno yake ni mawili tu: "Kesho jioni." Ukimsifia alivyoikunja suruali anaitikia kwa nyusi. Mkewe aliondoka kwa sababu hiyo hiyo, akasema ni kama kuolewa na kabati. Yule mwanamke sikumpenda, lakini hapo sikumbishia.

Basi jioni akishafunga duka huingia chumbani kwake, na mimi huku upande wa pili wa ukuta nasikia mtu mwingine kabisa. "Rudini nyuma! Nyuma yangu! We usikimbie, utauawa!" Mara ya kwanza nilibeba mwiko nikaenda kugonga mlango, nikidhani kavamiwa. Kumbe mchezo. Wanacheza watano kwa watano, kila mtu kwao na simu yake, wanalinda ngome yao na kubomoa ya wenzao. Mwanangu hubeba ngao. Kazi yake ni kutangulia apigwe yeye, ili walio nyuma wapate kupiga. Wenzake wakamwita Pasi, na jina likamkaa.

Hao wenzake sijawaona, na yeye pia hajawaona. Sauti tu ndizo nilizozijua. Kulikuwa na Mama Pacha, muuza vitambaa huko kwao, na mmoja anaitwa Risasi, mdomo wake hauna breki. Wawili waliobaki walikuwa watu wa kuguna. Siku moja nilimpelekea mwanangu chai, simu ikiwa inasema kwa sauti, Mama Pacha akasikia mlango.

"Pasi, huyo ni mama? Shikamoo mama!"

"Marahaba. Ndiye wewe unayepiga kelele nyumbani kwangu kila siku?"

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe bure."

Risasi akadakia: "Mama, leo mwanao kaniokoa kufa mara tatu!"

"Na wewe unakufakufa nini kama kuku wa mdondo?"

Walicheka mpaka wakapigwa mchezo ule. Mwanangu naye alicheka, tena kwa sauti. Nilikaa kitandani kwake kama vile nimechoka, nipate kumsikia.

Sasa, mchezo huo una madaraja. Unaanzia Shaba, unakwenda Fedha, Dhahabu, Almasi, na juu ya yote Taji. Ukishinda unapanda, ukishindwa unateremka. Wengi huzeekea Dhahabu. Watano hawa walipanda pamoja miaka kadhaa, ila mwanangu alitangulia kidogo, maana wenzake wana ndoa na misiba na watoto wenye homa, yeye hakosi. Akafika pa kubakiza ushindi mmoja tu aingie Taji. Hapo akasimama. Wiki nzima akawa anacheza ile michezo ya kujifurahisha, isiyohesabiwa.

Nikamfuata mezani, anapiga pasi kola ya shati la mtu.

"Mbona hupandi?"

"Nitapanda, mama."

"Lini? Nikishazikwa?"

Akanyunyiza maji, akakandamiza. "Nikipanda siwezi kucheza nao tena. Mtu wa Taji haruhusiwi kuingia na kundi lake. Unaingia peke yako, mashine inakutafutia wanne wowote wa daraja lako."

"Hao wanne ni watu wabaya?"

"Siwajui, mama. Ndiyo maana."

Nilimwambia ninachoamini mpaka leo. Kaka zake wawili wana vyeti vya kutundika ukutani, na wakija hapa humuuliza, "Bado uko na simu?" kwa sauti ya kumuulizia mgonjwa. Yeye hajawahi kuwa wa kwanza kwa lolote, hata kuzaliwa alizaliwa wa mwisho. "Umefika mlangoni," nikasema, "unasimama barazani unaogopa nini? Ingia!"

Jumapili mchana akawaambia wenzake kwamba anapanda.  Mama Pacha akasema, "Haya jamani, tumsindikize mgeni." Wakapigana. Risasi hakutania hata mara moja. Ngome ya wenzao ilipoanguka, taji la rangi ya dhahabu likazunguka juu ya jina la mwanangu, linametameta.

"Hongera, Pasi."

"Hongera, kaka."

"Sasa mimi nani atanizuia nisife?" akauliza Risasi. Majina yakazimika kiooni, moja baada ya jingine.

Kesho yake alifanya jambo ambalo sijaliona kwake: alianza yeye kusema na mteja. "Jana nimefika Taji."

"Aa, hongera. Ndiyo wapi huko? Na suti yangu vipi?"

Huko Taji watu ni wachache, kwa hiyo mashine hukaa sana kabla haijapata wanne. Siku hizi simu yake hukaa juu ya meza ya pasi, kiduara kinazunguka kiooni, naye anapiga pasi nguo za watu akisubiri. Zamani kusubiri huko kulijaa utani. Hawa wapya huingia wamefunga sauti. Mwanzoni alipigiana simu na wale wa kwanza, lakini watu waliozoeana vitani, simu ya kujuliana hali inawapa nini? "Vipi?" "Poa." "Haya." Siku moja Mama Pacha akamwambia wamepata wa kubeba ngao, dereva fulani.

"Ni mzuri?"

"Anajitahidi. Ila anaongea huyo!"

"Vizuri," akasema mwanangu, akakunja shuka ambayo alikuwa ameshaikunja.

Nikamwambia, basi teremka, urudi kwa watu wako.

"Nateremkaje, mama? Kuteremka ni kushindwa makusudi. Kuna wanne watakuwa wananitegemea."

"Si umesema huwajui?"

"Siwajui. Lakini watakuwa wamesimama nyuma yangu."

Na kuanza upya chini kwa jina la uongo alisema hataki, yeye si mwizi. Ukaidi huo kautoa kwangu, sikuwa na pa kuushtakia. Nikarudi jikoni kuchambua mchele.

Jana mchana simu ikalia, wanne wamepatikana. Akaisimamisha pasi, akavuta kigoda.

"Habari zenu jamani," akawaambia.

Hakuna aliyejibu. Akangoja kidogo.

"Mimi ni Pasi. Nabeba ngao."



Nyumbani kwangu salamu haiachwi hivi hivi. "Nzuri!" nikaitikia kutoka jikoni. Sijui kama alisikia. Alikuwa ameshaziba masikio kwa zile nyaya zake za kusikilizia, na vita vimeanza.