Kuvuka Barabara ya Meru

Siku hizi naishi Meru mjini, karibu na steji ya mabasi. Nikienda sokoni bodaboda na tuktuk hunipita kushoto na kulia, na wajukuu hunishika mkono wakidhani naogopa. Siogopi sana. Barabara iliyonitia hofu niliivuka nikiwa bado mke mpya, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na wapiganaji wa msituni, nayo haikuwa mjini wala haikuwa na lami.

Nilizaliwa Mbeere, kule chini kupita Kiritiri, kwenye joto na miiba. Njia zetu zilikuwa za mbuzi. Gari kwetu lilikuwa jambo la kusimuliwa. Mara chache lilikuja lori la mfanyabiashara kuchukua ngozi, na kabla halijafika tulikuwa tumeshalisikia kwa muda mrefu, tukaacha kazi zetu, tukaenda kulitazama. Lilikwenda polepole, likiyumba kwenye mawe. Kwa hiyo nilipoolewa huko juu, upande wa Runyenjes, penye baridi na migomba, sikujua kwamba gari linaweza kumfikia mtu kabla hajageuza shingo.

Boma la mume wangu sikulikalia sana. Serikali ilituhamisha sote, nyumba za zamani zikachomwa, tukakusanywa katika kijiji kimoja kando ya barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru. Nyumba zilibanana hata ukikohoa jirani anakupa pole. Handaki lilichimbwa kuzunguka kijiji chote na kupandwa vijiti vilivyochongwa. Mume wangu alikuwa ameshachukuliwa kizuizini, wapi hatukuambiwa. Nikabaki na mama yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Nami nilimwita mama.

Mto na mashamba vilikuwa ng'ambo ya barabara. Tuliporuhusiwa kutoka tulivuka, na kabla ya muda wa kurudi kwisha tulivuka tena tukiwa na maji, kuni na viazi. Barabara yenyewe ilikuwa ya udongo mwekundu, pana, ikipanda mlima mbele ya lango letu na kupotelea kwenye kona. Na juu yake yalipita malori ya jeshi. Yalikuja kwa misururu, yamejaa askari wa Kizungu tuliowaita Majoni, yakielekea Meru na misitu ya mlimani. Hayakusimama. Tuliambiwa madereva wameamriwa wasisimame barabarani kwa lolote, kwa sababu anayesimama anaweza kushambuliwa. Ng'ombe akiingia njiani, walimgonga wakaenda. Tuliamini hata mtu ni hivyo hivyo.

Siku ya kwanza nilisimama ukingoni, miguu ikakataa. Mama mkwe alinishika kifundo cha mkono. Hakunivuta. Lori lilipita, upepo wake ukanipiga kifuani kama mtu aliyenisukuma, na vumbi likafunika dunia. Niliona limekwisha kupita, nikainua mguu. Akanizuia. Kisha kutoka ndani ya lile vumbi likachomoka lori la pili, karibu kiasi kwamba niliona kucha za mtu aliyeshika ubavu wake. Ndipo akaniambia kwamba la kuogopwa ni lile lililofichwa na vumbi la mwenzake.

Kurudi kulikuwa kugumu zaidi. Kuni kwetu hubebwa mgongoni, kwa ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Ukiwa na mzigo huo unaona vidole vyako vya miguu tu, huwezi kutazama kando. Jirani yetu mmoja aligongwa hivyo, akavunjika nyonga, na hakutembea tena sawasawa. Tangu siku ile wanawake walikubaliana mmoja awe anarudi bila mzigo, awe macho ya wengine, na mzigo wake tukagawana. Kazi hiyo alipewa mama mkwe. Alisimama ukingoni ameinamisha kichwa, anasikiliza. Akisema "sasa", tulivuka. Akinyamaza, tulingoja, hata shingo zikiuma.

Nilishika mimba kabla mume wangu hajachukuliwa. Uchungu ulinishika asubuhi moja, na mpaka jua lilipopanda mkunga wa kijiji alikuwa ametoka nje kunong'ona na mama mkwe. Mtoto amelala vibaya, alisema. Ilibidi nipelekwe hospitali ya misheni, iliyokuwa kwenye mgongo wa kilima cha ng'ambo. Mama mkwe alikwenda kuomba ruhusa kwa homugadi, wale walinzi wa kijiji ambao walikuwa watu wetu wenyewe. Akapewa, na mlinzi mmoja akaambiwa atusindikize. Blanketi likafungwa kwenye miti miwili, wanawake wanne wakaniinua.

Tulipofika barabarani, msururu ulikuwa unapita.

Sijawahi kuona mrefu kama ule. Nililala juu ya blanketi, kichwa kimeelekea mlimani, na ardhi ilitetemeka hata miti ile ikatetemeka mabegani mwa wanawake. Lori, vumbi, lori, vumbi. Mama mkwe alimwuliza mlinzi yatakwisha lini. Mlinzi akasema hajui, labda jeshi linabadilishana zamu huko Meru, labda mpaka mchana. Alisema tungoje. Tukangoja. Uchungu ulikuja ukaenda, ukaja tena, na mkunga aliyekuwa ameshika mkono wangu akaacha kunituliza kwa maneno. Kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko malori.

Basi mama mkwe akavua shuka lake la begani, akampa mmoja wa wanawake. Akashuka hatua chache kando ya barabara, upande malori yalikotoka, mpaka mahali ambapo dereva anayepanda huona mbele vizuri. Mlinzi alimwambia arudi, watampiga risasi. Hakugeuka. Aliingia katikati ya barabara, akainua mikono miwili juu, viganja wazi, ili waone hana panga wala kitu chochote.

Lori lililokuwa linakuja lilipiga honi. Likapiga tena, ndefu, bila kupunguza mwendo. Nikasikia breki, mlio ambao sijausahau, na vumbi likammeza. Nilijua nimempoteza. Mmoja wa wanawake walionibeba aliachia pumzi kana kwamba amepigwa.

Vumbi lilipotulia, alikuwa bado amesimama. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya pua ya lori, umetulia pale, kama unavyomwekea ng'ombe mkono usoni asisogee wakati wa kukamuliwa. Kichwa chake hakikuizidi pua hiyo.

Baadhi ya Majoni waliruka chini na bunduki, wakajitupa mtaroni wakidhani wameingia mtegoni. Nyuma yao malori yalisimama moja baada ya jingine hadi mwisho wa mteremko, nami nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuhamishiwe pale: barabara ile kimya mchana. Injini zilinguruma chini kwa chini, lakini hakuna gurudumu lililozunguka.

Dereva alikuwa Mwafrika, mtu wa mbali. Alimwuliza kwa Kiswahili anataka nini. Mama mkwe hakujua Kiswahili. Alinyoosha mkono wake wa pili akanielekezea kidole, kisha akasema na mlinzi kwa Kiembu, kwa sauti ile ile ya kila siku:

"Mwambie sitaki kitu chake. Nataka hawa wapite, basi."

Mlinzi alitafsiri. Mkubwa wa Majoni, kijana wa Kizungu mwenye kope nyekundu kwa vumbi, alikuja mpaka kwenye blanketi langu. Aliinama akanitazama. Nami nilimtazama, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuficha uso. Akageuka, akasema neno moja, akainua mkono kwa wale wa nyuma.

Tukavuka. Wanawake walitaka kukimbia, na mama mkwe akawaambia kutoka pale alipokuwa, "Polepole. Mtammwaga." Hivyo wakatembea. Nilipita chini ya uso wa lile lori nikiwa chali. Pua yake ilinizidi kimo nikiwa juu ya mabega ya watu. Joto la injini lilinipiga shavuni, na harufu ya mafuta. Juu kabisa nyuso za askari zilikuwa zimepangana ukingoni mwa lori, zinatazama chini. Mmoja alikuwa anakula, akaacha kutafuna. Nilisahau uchungu wangu kwa muda huo. Nilimwona tu yule mwanamke mfupi na jeshi lote lililokuwa nyuma ya kiganja chake.

Tulipofika ng'ambo, aliondoa mkono, akajitenga kando, na malori yakaanza kupanda tena.

Binti yangu alizaliwa alasiri ile, kwa shida lakini salama, akapewa jina la bibi yake kama ilivyo desturi yetu. Mama mkwe hakukaa kumtazama sana. Siku iliyofuata aliitwa kituoni, akaambiwa amesimamisha msafara wa serikali, akapelekwa kuchimba handaki. Alichimba siku nyingi. Kila jioni alirudi mikono imevimba, akaomba apewe mtoto, akamlaza mapajani.

Jioni moja nilimwuliza kama hakuogopa. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu hospitali, nikimtazama kama mtu niliyekuwa sijawahi kukutana naye.

"Niliogopa," alisema. "Nilifumba macho."

Nikamwuliza, tangu lini?

"Tangu lilipopiga honi. Nilifumbua niliposikia joto mkononi, nikaona chuma tu mbele ya uso. Sikuliona likija." Akamrekebisha mtoto mapajani. Kisha akaniuliza, kwa haya, kama anayeuliza jambo asilostahili kujua:

"Wewe uliliona. Lilikuwa kubwa?"

Nikamweleza. Nilimweleza magurudumu, taa, wale askari waliojaa juu, na jinsi yale ya nyuma yalivyosimama moja baada ya jingine mpaka chini mlimani. Alisikiliza mdomo wazi. Nilipomaliza aliniomba nimweleze tena yale ya nyuma.