Sanduku la Mama Weka Lilipojaa

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni, lakini pale ofisini hakuna aliyelitumia. Sote tulimwita Mama Weka. Ukimwonyesha tangazo la mkutano uliokwisha kuahirishwa, atakwambia, "Weka tu." Ukimwonyesha habari za mnada wa gari la ofisi, gari lenyewe lilishauzwa zamani, atakutazama kama mtu aliyesikia matusi. "Weka, mwenzangu. Huwezi kujua."

Meza yangu na yake zilipakana kwenye ofisi ya maji, ghorofa ya pili, katika chumba chenye feni iliyopiga kelele nyingi kuliko upepo. Yeye alikuwa mratibu wa matengenezo. Bomba kubwa likitaka kuungwa, ilibidi maji yafungwe mtaa mzima, na kabla hayajafungwa ni yeye aliyewaandikia wateja wakubwa: hospitali, shule, viwanda, mahoteli. Mwenye udhuru alimjibu. Pasipokuwa na udhuru, alimpa msimamizi wa mafundi ruhusa ya kufunga koki kuu. Msimamizi huyo, bwana mfupi mwenye mabega mapana, tulimwita Nyundo, na Nyundo hakugusa koki bila neno la Mama Weka.

Kazi aliijua, hilo halina ubishi. Shida ilikuwa sanduku lake la barua pepe. Humo hakikuwahi kufutwa kitu. Zilikuwemo picha za mabomba yaliyopasuka, nzito nzito, walizopiga mafundi kwa simu zao. Zilikuwemo ratiba za miaka iliyopita, salamu za mwaka mpya, matangazo ya semina ambazo waliozifundisha wameshastaafu. Na kila barua aliyotuma, alijitumia nakala yeye mwenyewe, kwa hiyo kila jambo lilikuwemo mara mbili. Kompyuta ilipoanza kumwonya kwamba sanduku linakaribia kujaa, alifungua folda mpya, akaiita "Maonyo", na barua zote za onyo akazihifadhi humo kwa mpangilio mzuri. Tulicheka mpaka machozi. Yeye naye alicheka. Lakini hakufuta.

Sababu yake aliniambia siku moja tukiwa tunakula mezani, milango imefungwa kwa ajili ya mvua. Ujanani aliajiriwa na kampuni ya usafirishaji. Mzigo ukapelekwa mahali siko, mkubwa wake akasema hakuwahi kuambiwa kwamba safari imebadilishwa. Yeye alimwambia, tena kwa barua pepe, lakini barua ile alikuwa ameshaifuta kwa kupenda unadhifu. Mkubwa akakana, yeye akakosa cha kuonyesha. Akafukuzwa akiwa na mtoto mchanga mgongoni.

"Mume wangu ndiyo kwanza amenunua cherehani," alisema. "Alishona usiku na mchana. Mimi nikawa nalala naiona ile barua. Naifuta, naamka natetemeka. Nikasema, Mungu akinipa kazi nyingine, sifuti hata nukta."

Baada ya siku ile sikumtania tena kuhusu folda ya Maonyo.

Sasa, yaliyompata ni haya. Kulikuwa na kiungo cha bomba kuu kilichokuwa kikivuja karibu na hospitali, nacho kilihitaji kubadilishwa. Mama Weka akawaandikia wateja wote mapema, kama kawaida yake, akawaomba mwenye udhuru aseme. Majibu yakaja machache, hakuna lililopinga. Mkesha wa kazi ukapita kimya. Asubuhi akampigia Nyundo.

"Hamna aliyelalamika. Funga."

Nyundo akafunga.

Hata chai hatujamaliza, simu ya mezani kwake ikalia. Sauti ya mwanamke ilitoka humo kwa nguvu, hata mimi niliisikia.

"Nani amefunga maji? Nina wagonjwa wa figo kwenye mashine! Mashine zinalia zote! Fungueni, fungueni sasa hivi!"

Alikuwa muuguzi mkuu wa chumba cha kusafishia damu. Mashine zile hazifanyi kazi bila maji. Mama Weka alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Sista, mna tangi la akiba," alisema. "Tuliwaandikia."

"Tangi limetolewa maji kwa sababu lina ufa! Mhandisi wetu aliwajibu! Aliwaomba msubiri!"

Mama Weka hakubishana tena. Alitaka kumpigia Nyundo akakosea namba, mimi ndiye niliyembonyezea. Nyundo naye alikuwa ameshakata bomba. Ilibidi warudishe kipande cha zamani na kukikaza upya kabla ya kufungua, na muda wote huo Mama Weka alisimama dirishani akisema peke yake, "Harakisha, baba. Harakisha, baba."

Maji yalipofunguliwa, akakaa na kutafuta jibu la mhandisi. Akatafuta folda hata folda. Halikuwepo. Ndipo akaona barua zote mpya zimekoma tangu juzi yake mchana. Sanduku lilikuwa limejaa pomoni. Mhandisi aliandika, barua ikamrudia kwamba haikupokelewa, lakini mwenyewe alikuwa juu ya paa na mafundi wa tangi na hakuiona hadi mambo yameharibika.

Mchana huohuo meneja alituita. Nyundo, ambaye alimpenda Mama Weka kama dada yake, alijitahidi kumkinga. "Bosi, yule mhandisi naye angepiga simu. Jambo la wagonjwa unaandika na kukaa?"

Mama Weka akamkatiza. "Aliandika kwenye anwani tuliyompa, na anwani ni yangu. Nilionywa na kompyuta, sikusikia. Asilaumiwe mtu mwingine."

Meneja alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo hakusema mengi. Alimpa onyo la maandishi. Halafu akauliza, na kwa swali lile nilimheshimu, kwa nini ofisi nzima inategemea sanduku la mtu mmoja.

Tulidhani ataenda nyumbani akajifiche. Hakwenda. Aliniomba nimsindikize hospitali. Muuguzi mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitupokea mlangoni mwa chumba chake, mikono kiunoni.

"Wewe ndiye uliyesema tufungiwe?"

"Ni mimi, Sista. Nimekuja kukuomba radhi, wewe na wagonjwa."

Nadhani muuguzi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, maana mikono ilimshuka kutoka kiunoni. Kisha akatueleza bila kupamba. Walilazimika kuwarudishia wagonjwa damu na kuwachomoa kabla ya wakati. Wengi wao wangemalizia kesho yake. Mmoja, mwalimu mstaafu, presha ilimshuka, wakamlaza.

"Ataishi?" Mama Weka aliuliza.

"Ataishi. Ila ametutisha."

Tulipelekwa kumwona. Mzee alikuwa amelala ubavu, uso umevimba, mkewe akimpepea kwa gazeti. Mama Weka alipiga magoti kando ya kitanda akajieleza. Mzee alimsikiliza amefumba macho, tukadhani amelala. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, niliogopa sana. Nisikudanganye. Niliogopa." Hakusema kwamba amemsamehe wala kwamba hajamsamehe. Mkewe ndiye aliyemwinua Mama Weka kwa mkono.

Mume wa Mama Weka alinisimulia baadaye kwamba jioni ile mkewe hakula. Alikaa kwenye kiti cha wateja katika kibanda chao cha kushonea, pale wanaposubiri kupimwa nguo, akamwangalia mumewe akishona.

"Baba watoto, nilikuwa najilinda," alimwambia. "Miaka yote hii najilinda, kumbe nimewaziba wenzangu."

Mumewe alitoa mguu kwenye cherehani. "Yule bosi wako wa zamani alikuonea. Lakini, mama, mtu yule umekuwa ukikaa naye ofisini mpaka leo. Mimi nilishamsahau hata sura."

"Wewe hukufukuzwa."

"Sikufukuzwa. Nililala na njaa pamoja na wewe, au umesahau?"

Hapo, alisema mumewe, ndipo alipolia, na baada ya kulia akaomba chakula.

Kesho yake Mama Weka akaenda mwenyewe kwa dada wa mitandao, mtunza kompyuta zetu, mwanamke mnene mcheshi ambaye siku zote Mama Weka alikuwa akimkwepa. "Njoo unifundishe kufuta," alimwambia. Dada wa mitandao akavuta kiti, akapanga barua zote kwa uzito, kubwa juu.

"Tunaanza na hawa vibonge," alisema. "Hii picha ya bomba ni ya lini?"

"Zamani. Lilishaungwa."

"Basi amepona, mwache aende nyumbani."

Mama Weka aliweka kidole kwenye kitufe, akakaa hivyo. Nilimwona kidole kikipanda na kushuka bila kubonyeza, na jasho likimtoka juu ya mdomo. Dada wa mitandao hakumharakisha. Alikuwa anatafuna karanga zake na kutazama dari. Mwishowe kitufe kikabonyezwa.

"Imekwenda," Mama Weka alisema kwa sauti ndogo.

"Imekwenda. Umeumia?"

"Bado najisikiliza."

Waliendelea hadi saa za chakula. Picha, matangazo, semina, nakala zile za kujitumia. Alipouliza sasa sanduku lina nafasi kiasi gani, likaonekana vilevile, limejaa. Akashtuka. Dada wa mitandao akamwonyesha: vyote alivyofuta vilikuwa vimekaa kwenye pipa la taka, na pipa nalo linahesabiwa. Ni mpaka limwagwe.

Mama Weka akacheka kwa aibu. "Nilikuwa najua," alisema. "Nilijiambia, si bado vimo? Ndiyo maana nilikuwa nafuta kwa raha."

"Nilikushuku," dada wa mitandao akamjibu. "Mwaga mwenyewe."

Alimwaga mchana, baada ya kuzunguka ofisi nzima akitafuta sababu ya kutokumwaga. Alikuja hadi mezani kwangu kuuliza kama nina kalamu. Kalamu alikuwa nayo sikioni.

Mikataba na ramani za mabomba, vitu ambavyo ofisi ilivihitaji kweli, walivihamishia kwenye hifadhi ya pamoja, ambako yeyote angeweza kuviona hata mratibu akiugua. Kisha Mama Weka akaenda kwa meneja na mapendekezo yake mwenyewe: udhuru wa wateja uende kwenye anwani ya pamoja inayosomwa na watu watatu, na hospitali isifungiwe maji mpaka mtu amepigiwa simu na kujibu kwa mdomo wake. Meneja alikubali siku ileile. Onyo lake la maandishi lilibaki kwenye jalada, wala hakuomba liondolewe.

Mazoea hayakubadilika kwa siku moja. Wiki za mwanzo alikuwa akisoma barua, anajibu, anataka kufuta, anasita, anaiacha "mpaka kesho". Kesho akiikuta, anajigombeza kwa sauti. "Wewe nawe unakaa hapa kwa nani?" Ikafika mahali kila jioni kabla ya kuondoka anaipitia ile foleni: hii nimejibu, ifutwe; hii ya ofisi, ihamishwe; hii ya kufanya kesho, ibaki. Zilizobaki zilionekana zote kwenye kioo bila kuteremsha ukurasa. Wale waliokuwa wakimtumia matangazo kila siku aliwaomba wamwondoe, akawa anatupa habari ya kila aliyekubali kama mtu anayetangaza matokeo ya mpira.

Kilichokuwa kinamsubiri, hata hivyo, kilikuja siku ya kikao. Mkuu wa stoo alikuwa ameagiza viungo vya bomba vya saizi isiyo sahihi, akageuka mbele ya watu wote akasema, "Saizi nilipewa na Mama Weka. Mwaka jana. Alete ile barua."

Mimi nilimtazama mikono. Nilijua barua ile imeshafutwa, nilikuwepo alipoifuta. Kwa muda nilidhani atatoka nje.

"Sinayo," akasema. "Nimeifuta. Lakini ramani ya bomba lile iko kwenye hifadhi ya pamoja, na saizi imeandikwa humo. Tuifungue tuone kama nilikosea. Nikiwa nimekosea, nitasema."

Wakaifungua. Zikaonekana saizi mbili, ya bomba la zamani na ya bomba jipya, na alama ambayo hata mtu mwenye macho mazuri angeisoma vibaya. Huenda alikosea yeye, huenda mkuu wa stoo. Haikujulikana, na baada ya kunung'unika kidogo watu wakakubaliana viungo virudishwe kwa muuzaji vibadilishwe. Kikao kikaendelea na mambo ya mafuta ya magari.

Tulipotoka, Mama Weka alinishika mkono ukumbini.

"Umeona?" akaniuliza. "Nimekosa barua, na hakuna aliyenifukuza."

"Nimeona, dada."

"Ngoja nikae kidogo." Akakaa kwenye benchi la wageni, akavua viatu, akanyoosha miguu. Watu walipita wakimsalimia, naye akawaitikia mmoja mmoja. Nyundo alipotokea kwenye ngazi na matope yake akimtafuta kwa ruhusa ya kazi ya kesho, alimwambia asubiri, kwanza anampigia Sista. Akapiga palepale, peku, akicheka na yule muuguzi kuhusu jambo nisilolielewa, kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Wako tayari," alimwambia Nyundo. "Tangi lilishazibwa ufa, limejaa. Lakini anataka uanze wakishamaliza zamu ya asubuhi, na usimletee mambo yako ya kuchelewa."