Niliwafukuza ndege wa shemeji yangu nikasema ni utani

Wakuu, heshima zenu, wakubwa kwa wadogo. Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi bila kuandika neno. Leo naandika, na sitaongeza chumvi.

Siku shemeji yangu aliponipigia simu akasema, "Shem, twende jangwani tukapige picha ndege," nilipaswa kukataa.

Nilikubali. Na nilikubali kwa sababu mbaya.

Mimi ni mtu wa Kigoma, elimu yangu form four, naishi Doonside huku Sydney na mke wangu. Shemeji ni mdogo wake wa kiume, Mrundi aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi kwetu Kigoma. Jamii yetu hapa mpiga picha walimjua mmoja tu, mimi. Harusi, ubatizo, misiba, naitwa mimi. Nikishapanga watu nasema, "Haya, meno nje," na hata watoto wanaojibu kwa Kiingereza walilijua neno hilo.

Ikaja Covid, harusi zikasimama. Shemeji, ambaye mgongo ulishamtoa kazini warehouse, akanunua kamera used akaanza kupiga ndege kwenye bwawa karibu na kwake. Kila asubuhi picha mpya kwenye grupu la WhatsApp. Watu wanamwaga sifa. Mke wangu ananiletea simu mezani, "Ona mdogo wangu alichotoa leo." Nasema nzuri, halafu nasogeza sahani pembeni.

Wivu wa kijana huonekana, watu wakamkanya. Wa mzee hauonekani.

Sasa muelewe jambo moja. Kwetu shemeji ni mtani wako. Huyu alikuwa hajawahi kuniamkia shikamoo. Akinikuta mlangoni anasema, "Bado hujafa tu, dada yangu apumzike?" Namjibu nasubiri wewe uchimbe kaburi, mgongo wako upone kwanza. Aliapa siku ya mazishi yangu atalala mbele ya jeneza, lisipite mpaka wanangu wamnunulie kreti ya soda.

Na anayetaniwa hakasiriki. Hiyo ndiyo sheria. Mimi nilijificha humo.

Tuliondoka kipindi kile mipaka ya majimbo imefunguliwa, kabla haijafungwa tena. Tukaendesha mpaka South Australia, mwisho wa barabara ya vumbi, mahali jangwa linapoishia baharini. Hakuna nyumba, hakuna mtandao. Mchanga mwekundu, kisha chumvi nyeupe, kisha matope yenye mikoko mifupi kama vichaka. Na kwa mbali ndege wadogo, wengi mno, wanadonoa.

"Wanajinenepesha," akasema shemeji. "Wanarudi Siberia. Hawa hawaombi permit."

Akanifundisha, mimi niliyeshika kamera kabla yeye hajaota ndevu. Ndege hafuatwi, shem. Unalala kifudifudi kwenye matope kabla maji hayajajaa, unanyamaza, maji yenyewe yanawasogeza kwako. Ukisimama wanaruka, na wakiruka wanachoma mafuta ya safari.

Akatandika gunia, akalala. Na mgongo ule. Mimi nikakaa nyuma yake kwenye kichaka, kamera yangu shingoni.

Alilala pale mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Maji yakaja taratibu, na ndege wakaja mbele ya maji. Wakamkaribia mpaka nikadhani watapanda juu ya lenzi. Wakasimama kwa mguu mmoja mmoja, jua la asubuhi linawapiga ubavuni. Nikamwona anarekebisha kamera polepole. Alikuwa ameiota picha hiyo tangu lockdown ya kwanza.

Nikawaza itakavyokuwa kwenye grupu. Nikamwaza mke wangu na simu yake mezani.

Nikasimama, nikapiga makofi, nikasema kwa sauti, "Haya, meno nje."

Wote wakaruka. Anga ikawa ndege tupu. Na mikono yangu, kwa mazoea ya miaka yote, ikainua kamera, kidole kikabonyeza.

Aligeuka, uso una matope. "Utani, shem," nikasema.

Akacheka. Ilimbidi acheke. Kisha akatazama walikoelekea, akaanza kukunja gunia.

Kamera yake haikuwa na kitu. Yangu ilikuwa na ndege wamejaa anga nzima, picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Tulipopata mtandao nikaiweka kwenye grupu. Sifa zikaja kama mvua. Naye akaandika: "Hongera sana, mzee."

Mzee. Sikulisikia neno hilo wakati ule, wakuu. Nilikuwa nahesabu sifa.

Lockdown ya pili nikaugua Covid. Shemeji akaniletea mchuzi na ugali, akaweka mlangoni, akarudi nyuma mpaka getini. Nikamchokoza kupitia dirishani, "Umeleta chakula au sumu?"

"Ni chakula, mzee. Shikamoo. Pole sana na ugonjwa."

Nikasubiri acheke. Akainamisha kichwa kwa adabu, akaondoka.

Mpaka leo ni hivyo. Haji na ubaya wowote, na nilipomwomba radhi alisema, "Ulikuwa utani, mzee, yameisha." Ile picha nimeifuta. Haikusaidia.

Nilichojifunza: ukimwonea mtu wivu, usiende naye mahali anapopapenda. Baki nyumbani uumwe huko huko. Kama kuna aliyewahi kumrudisha mtani aliyegeuka mtu wa heshima, aniandikie hapo chini alifanyaje, matusi pia napokea.

Siku nikifa jeneza langu litapita moja kwa moja. Hakuna atakayelala mbele yake.