Mlango Mwembamba wa Bi Larkham

Halmashauri ya wilaya imetamka, kwa muhuri na saini mbili, kwamba mlango wa nyumba ya Bi Winnie Larkham ni kazi adimu ya mafundi wa mwaka 1680 au karibu na hapo, ni amana ya vizazi vijavyo, na hairuhusiwi kuupanua hata kwa kidole.

Bi Winnie alihitaji vidole vinne. Tangu miguu imgomee alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na nyumba yake, iliyobanwa na majirani kushoto na kulia na kilima mgongoni, haina mlango mwingine. Miezi minane alilitazama duka la mikate lililo mbele yake kama wengine watazamavyo Amerika.

Mlango ule aliujenga marehemu mumewe, Cyril, mwaka 1974. Najua, maana chokaa nilimkorogea mimi. Mawe aliyatoa kwenye banda la nguruwe lililoanguka. Jiwe la juu lilikuwa fupi, ndiyo maana mlango ukawa mwembamba kuliko ule wa awali. Kibali hakuomba. Aliupaka mtindi uliochanganywa na samadi ili kuvu ya mawe iote upesi na mlango uonekane wa kale, akafa akijisifu kwamba hakuna atakayegundua.

Mkaguzi wa majengo ya kale, Bi Fenella Strang, alikuja akaupapasa kama shavu la mtoto mchanga.

"Fundi huyu alikuwa na mkono," alisema.

"Alikuwa nayo miwili, na mdomo mrefu juu yake. Nimemfulia soksi miaka arobaini na mmoja. Ni mume wangu huyo, mwanangu."

"Una karatasi yoyote, Bi Larkham?"

"Karatasi ya nini? Mtu anaiba mawe ya nguruwe, nani atampa risiti?"

"Ukiyaandika hayo, umekiri kwamba mlijenga bila kibali. Ni kosa la jinai. Utaamriwa uurudishe ulivyokuwa."

"Ulikuwa mpana! Niamuruni basi, hata leo!"

"Una picha yake?"

"Mlango tulikuwa tunapita, mama. Hatukuwa tunaupiga picha."

Nikasema nami nilikuwepo.

"Wewe ni mtaalamu?" aliniuliza.

"Nilikoroga chokaa."

"Ahaa," alisema, na kalamu akaifunga.

Februari Bi Winnie alianguka jikoni akavunjika nyonga. Machela haikupita. Zimamoto waliokuja, vijana wenye adabu, walisoma kibao cha halmashauri kilichopigiliwa ukutani, wakauheshimu mlango. Walivunja dirisha la jikoni pamoja na nguzo yake ya jiwe, wakamtolea hapo. Sasa yuko makao ya wazee mjini, ghorofa ya pili, na milango huko ni mipana sana.

Dirisha lile, Cyril alipenda kusema, ndicho kitu pekee cha kale katika nyumba nzima. Kwenye orodha ya halmashauri halimo.