Ngazi Mchangani

Sisi tuliozaliwa milimani Mbinga hatujui nyumba isiyo na upande wa juu na upande wa chini. Ukienda jikoni unapanda, ukienda kisimani unashuka, na mpira ukikuponyoka unaufuata bondeni huku ukilaani. Kwa hiyo mwaka wa mwisho wa chuo, nilipopewa kazi ya kusanifu soko la samaki Lundo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nilikaa kwenye meza yangu ya studio Dar es Salaam nikachora soko zuri sana lenye ngazi mbele, ngazi nyuma na ngazi ubavuni. Kiwanja chenyewe, nilichokijua kwa picha tu, ni mchanga mtupu uliolala tambarare.

Hakuna aliyeniambia nichore ngazi. Mkono ulijichorea.

Studio yetu ilikuwa na desturi moja ya kikatili. Siku ya kriti, yaani siku ya kukosolewa, unabandika michoro ukutani, unaweka modeli mezani, kisha unafunga mdomo. Wengine ndio wanaoisoma kazi yako kwa sauti, na wewe hutamki neno mpaka mwalimu akuruhusu. Alisema jengo likishasimama hutakuwepo mlangoni kuwaeleza watu, basi zoea mapema. Mimi ninayejibu hata nisipoulizwa, desturi hiyo ilinitesa kuliko hesabu za nguzo.

Mwalimu aliizunguka modeli yangu, akagusa ngazi kwa ncha ya kalamu.

"Hizi zinapanda kwenda wapi?"

Darasa likacheka. Akasema nimeichora Mbinga na kuishusha ziwani. Kriti ya mwisho ingefanyika Lundo kwenyewe, mbele ya wenye soko, na akizikuta tena ngazi zisizo na kazi, nitarudia mwaka. Niliumia. Nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuzing'oa kwa wembe.

Likizo ilipofika, badala ya kuchuma kahawa nyumbani, nilishuka Lundo. Sikuwa na swali lolote la maana. Nilikuwa na hasira, na nilitaka kukiona kwa macho hicho kiwanja kilichonifedhehesha. Kina mama wanunuzi wa dagaa walikuwa wakisubiri wavuvi warudi, wamekaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa mchangani. Mwenye mtumbwi akija kuuchukua, anawainua. Wanahamia mwingine, na soga linaendelea pale pale lilipokatikia. Niliwatazama wakihamahama hivyo asubuhi nzima, nikajikuta nacheka peke yangu.

Chuoni nikazirudisha ngazi, ila upande mmoja tu, ule unaotazama ziwa, pana za kumtosha mtu na beseni lake. Paa nikalivuta mbele liwape kivuli. Rafiki yangu wa meza ya jirani akaniuliza kama nimelogwa.

"Utarudia mwaka, wewe!"

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamjibu, na moyoni nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Safari nzima ya basi niliipakata modeli ndani ya boksi. Abiria wa pembeni akaniuliza keki hiyo ni ya harusi ya nani.

Lundo tulipewa darasa la shule ya msingi kufanyia kriti. Mwalimu akawaamkia wazee, akawaeleza kina mama desturi yetu: mwenye kazi haongei. Mama mmoja muuza dagaa, mcheshi kupita kiasi, akasogea mezani.

"Huyu ndiye mtani wetu wa Mbinga?"

"Ndiye," wakamwambia.

"Wamatengo jamani! Kaletwa mchangani, bado anatafuta kilima."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akanitazama, akafungua kalamu. Nilitamani kupiga kelele kwamba safari hii nina sababu. Lakini mdomo nikaufunga.

Mama akainama, akaweka kidole kwenye ngazi ya chini.

"Ee. Hapa si pa kukaa?"

"Pa kukaa," akaitikia mwenzake. "Na kivuli kipo."

"Basi ya juu yangu. Nataka kuwaona wavuvi mapema."

"Ya juu yako kwa lipi? Wewe unayekuja jua limeshachoma! Kaa huku chini na maneno yako."

"Na huyu?" mama akauliza, akimvuta mwenzao wa tatu.

"Huyu pembeni. Beseni lake linavuja."

Wakaja wengine, vidole vikajaa kwenye kadibodi, sauti zikapanda. Mmoja alidai nafasi ya dada yake ambaye siku hiyo hakuwepo. Hakuna aliyemkumbuka mwalimu, wala mimi.

Mwalimu alisubiri wamalize. Hawakumaliza. Mwishowe akafunga kalamu, akapenyeza kichwa katikati yao.

"Samahani, kina mama. Na mimi nikija, nitakaa wapi?"

"Hapa pamejaa, mwalimu," mama akamjibu bila kugeuka.